Nilinunua Cocker, sasa ana sentimita 46 begani. Hawa spanieli mtu anawatofautishaje?

#1 MwenyeKahawa (Ntinda)

Habari za jioni wakuu.

Mwaka jana nilinunua kilebu kwa muuzaji mmoja hapa Kampala. Nikaambiwa ni Cocker Spaniel halisi, baba yake katoka Nairobi. Nikalipa milioni moja na laki mbili. Nilitaka Cocker kwa sababu ua wetu ni mdogo, na mama yangu anayeishi nasi ana magoti mabovu, hataki mbwa wa kumwangusha.

Sasa Kahawa, ndilo jina lake, ana miezi kumi na mitatu. Jana nimempima kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita 46 kutoka chini hadi begani. Kwenye mizani ya duka la mahindi, kilo 17 na nusu. Nimesoma kwamba Cocker dume huishia 41.

Ni wa kahawia iliyoiva na nyeupe, mwenye madoadoa mdomoni na miguuni. Masikio marefu, manyoya yake yana mawimbi. Mkia mfupi kama kidole gumba. Muuzaji alisema kazaliwa hivyo.

Mbwa mwenyewe simlalamikii, tunampenda sana nyumbani. Nataka tu kujua ni nani. Spanieli wako wa namna ngapi, na mtu anaangalia nini?

#2 Busia_Mpakani

Huyo ni Springer. Uzi ufungwe.

#3 Dada_Akello (Gulu)

Usiufunge bado kaka. Springer dume husimama kwenye sentimita 51 hivi, na uzani wake huanzia kilo 20 kwenda juu. Kahawa kampita Cocker na hajamfikia Springer.

MwenyeKahawa, ulimpimaje? Begani ni pale mifupa miwili inapokutana juu, shingo inapoishia. Wengi hupima kichwani au katikati ya mgongo.

#4 MwenyeKahawa (Ntinda)

Palepale ulipotaja dada, kwenye sakafu ya simenti, mara tatu. Mara mbili 46, mara moja 45 na nusu maana aliinama kunilamba.

#5 Mwalimu_Kasese

Wakuu, kabla ya kugombania jina, ifahamike kwamba Cocker na Springer walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nasema hivyo kwa maana yake kamili. Uingereza ya karne ya 19, jike mmoja alizaa, vilebu vikakua, waliobaki wadogo wakaitwa Cocker na waliozidi wakaitwa Springer. Mpaka ulikuwa ratili 25, yaani kilo 11 na kitu. Mbwa angeweza kuanza maisha akiwa Cocker, akinenepa akahamia upande wa pili.

Majina yenyewe ni ya kazi. Cocker alipewa jina la woodcock, ndege wa misitu ya Ulaya mwenye mdomo mrefu, anayejificha kwenye vichaka ambamo mbwa mkubwa hapenyi. Springer ni yule anayemfanya ndege achupe kutoka majanini. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachoandikisha mbwa, ilianza kumwandikisha Cocker peke yake mwanzoni mwa miaka ya 1890, Springer akafuata mwaka 1902.

Kwa hiyo mbwa aliyeangukia katikati ya hao wawili hanishangazi hata kidogo.

#6 Daktari_wa_Mbarara

Mwalimu, historia yako iko sawa, ila hitimisho nalipinga. Tangu 1902 ni zaidi ya miaka mia moja. Vizazi vingi vya mbwa vimepita, kila upande ukichaguliwa kivyake. Cocker safi wa leo akizalishwa na Cocker safi, hutarajii sentimita 46. Mmoja kati ya wazazi hakuwa Cocker.

Mimi hutibu zaidi ng'ombe, lakini mbwa huletwa. Tepu peke yake haitoshi, tazama kichwa. Cocker wa Kiingereza ana mdomo mpana wa mraba, na masikio yameota chini, usawa wa jicho. Springer mguu wake ni mrefu kuliko spanieli wote wa nchi kavu wa Uingereza, ukimtazama ubavuni unaona hewa nyingi chini ya tumbo. Cocker ukimtazama ubavuni unaona kasanduku.

Kahawa ni kasanduku au ni hewa?

#7 MwenyeKahawa (Ntinda)

Ni hewa daktari. Miguu mirefu.

#8 Busia_Mpakani

Nilisema tangu namba mbili.

#9 Mjukuu_wa_Bombo

Tusisahau walikotoka. Neno spaniel maana yake ni Mhispania. Gaston wa Foix, bwana mmoja wa kusini mwa Ufaransa aliyependa kuwinda kuliko kula, alianza kuandika habari za uwindaji mwaka 1387, na akasema waziwazi mbwa hawa wametoka Hispania. Kwa hiyo wote ni Wahispania waliohamia.

#10 Mwalimu_Kasese

Ndugu yangu wa Bombo, jina si cheti cha kuzaliwa. Sisi hapa Uganda viazi mviringo tunaviita "Irish", na asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mbwa aliyepitia Hispania, au aliyeuzwa na Mhispania, angepata jina lilelile. Gaston aliandika walichoamini watu wa zama zake.

#11 Mjukuu_wa_Bombo

Alikuwa karibu na jambo lenyewe kuliko mimi na wewe kwa miaka zaidi ya 600, na Foix iko miguuni mwa milima inayoitenga Ufaransa na Hispania. Namwamini Gaston.

#12 Mwalimu_Kasese

Haya. Basi uongeze na John Caius, daktari Mwingereza, aliyewagawa mwaka 1570: spanieli wa nchi kavu na spanieli wa maji. Mgawanyo huo ungalipo. Wa maji ana manyoya ya kujisokota yanayoshikana ili baridi isipenye. Irish Water Spaniel, mrefu kuliko spanieli wote, mwili mzima ni vipilipili vya kahawia iliyokolea, halafu mkia mwembamba kama wa panya. Ukimwona mara moja humchanganyi tena na mwingine.

#13 Fundi_Jinja

Naomba niingie na wangu. Bosi wangu wa zamani alipohama aliniachia Cocker, na kwa mwaka mzima nilidhani ni mgonjwa kwa sababu hafanani na Cocker wa vitabuni. Kichwa mviringo kama bakuli lililofunikwa, mdomo mfupi, macho makubwa ya mbele, manyoya yanafagia sakafu. Kumbe ni Cocker wa Kimarekani! Wamarekani waliwapenda wadogo na wenye manyoya mengi, wakachagua hivyo mpaka akawa mbwa mwingine kabisa. Dume wao ni kama sentimita 38.

Kuhusu malezi: posho na mukene (dagaa) vinaganda masikioni mwake. Nilijaribu kila bakuli. Sasa nakata soksi kuukuu ncha ya mbele, namvisha kichwani wakati wa kula, masikio yanabaki juu. Baada ya kula tunavua. Nywele zisipochanwa siku tatu zinashikana hadi ngozini, na hapo ni mkasi tu.

#14 Mwalimu_Kasese

Fundi kasema kweli. Kuna dume mmoja aliitwa Obo, kazaliwa 1879 Uingereza. Cocker wa Kiingereza wa leo wanarudi kwake. Mwanawe, Obo II, ndiye aliyeweka msingi wa wale wa Marekani. Baba na mwana, na leo ni aina mbili. Chama cha mbwa cha Marekani kiliwaandika mbalimbali mwaka 1946. Kuanzia 1936 hadi 1952 hakuna aina ya mbwa iliyoandikishwa kwa wingi Marekani kuliko huyo wa Fundi. Hata Nixon, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipojitetea kwenye televisheni mwaka 1952 alimtaja Checkers, mbwa wa binti zake, naye alikuwa Cocker.

#15 Mama_Jovia (Entebbe)

Wenzangu samahani nikiwatoa nje kidogo. Jirani yangu ana kale kadogo ka mapajani, Cavalier King Charles. Naye ni spanieli wa kweli au ni jina tu? Nimesikia mfalme Charles aliweka sheria mbwa hao wasizuiwe mahali popote, hata bungeni.

#16 Mjukuu_wa_Bombo

Sheria hiyo ipo mama, hata leo haijafutwa.

#17 Mwalimu_Kasese

Hapana. Inasimuliwa sana, lakini sheria yenyewe haijaonekana kwenye maandishi. Kilicho kweli ni kwamba Charles wa Pili alitembea nao kila mahali, watu wa zama zake wakanung'unika.

Sasa Mama Jovia, ni wawili na wanachanganywa kila siku. King Charles Spaniel ana uso uliobonyea. Cavalier ana mdomo unaojitokeza. Zamani wa kifalme walikuwa na mdomo, ukionekana kwenye picha za kuchorwa. Kisha wafugaji wakapenda nyuso fupi, mdomo ukapotea. Mwaka 1926 Mmarekani aitwaye Roswell Eldridge akaenda maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, akatangaza zawadi ya pauni 25 kwa atakayemletea spanieli wa namna ile ya kwenye picha. Wafugaji wakaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Cavalier akatambuliwa kuwa aina yake mwenyewe mwaka 1945. Ukubwa: Cavalier hufika kilo 8 hivi, mwenzake ni mdogo zaidi.

#18 Daktari_wa_Mbarara

Mama Jovia, mwambie jirani ampeleke akasikilizwe moyo kila mwaka. Nasema kwa uzito. Vali ya upande wa kushoto wa moyo wa Cavalier huchakaa mapema, damu ikaanza kurudi ilikotoka. Anaanza kukohoa usiku, mwenye mbwa anadhani ni mafua. Halafu fuvu la wengi wao ni dogo kuliko ubongo uliomo, na maji yanajikusanya ndani ya uti wa mgongo. Utamwona anajikuna hewani karibu na shingo bila kugusa ngozi.

Norway walifika mahakamani. Januari 2022 mahakama ya Oslo ilizuia kuzalisha Cavalier, na mwaka 2023 Mahakama Kuu Kabisa ikakubaliana nayo, kwa hoja kwamba ni kumzaa mnyama ukijua atateseka. Mimi naona walifanya haki.

#19 Mama_Jovia (Entebbe)

Daktari umenitisha. Kanajikuna hivyo hivyo, tukawa tunacheka. Naenda kumwambia sasa hivi. Asante.

#20 Afande_Mstaafu

Salamu kwenu. Wengi mnazungumza masikio na rangi. Mimi nazungumza pua.

Springer ni fundi wa kutafuta. Mbwa mchungaji wa Kijerumani (German Shepherd) ana nguvu na anaogopwa, lakini Springer anaingia chini ya kiti, ndani ya buti ya gari, juu ya mizigo, na hachoki kwa sababu kwake ule ni mchezo. Buster, Springer wa jeshi la Uingereza, alipewa Nishani ya Dickin, ile ya wanyama wa vita, mwaka 2003 kwa kugundua silaha zilizofichwa Safwan, Iraki. Wanajeshi walikuwa wamepekua, hawakuona kitu.

Sisi wenyewe Entebbe, pale uwanja wa ndege, tuna mbwa wa Mamlaka ya Wanyamapori wanaonusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Mnyama akifundishwa vizuri analinda nchi.

MwenyeKahawa, mfichie mpira kavu ndani ya nyumba asikuone. Akitafuta kwa mpangilio, kona hadi kona, una Springer.

#21 Dada_Akello (Gulu)

Afande kwa heshima, hata Cocker wa ukoo wa kazi atatafuta hivyo. Hapa tuweke wazi jambo ambalo hakuna aliyeligusa: ndani ya aina moja kuna koo mbili. Cocker wa maonyesho ana manyoya mengi, masikio marefu, mwili mzito. Cocker wa kazi ana manyoya machache, masikio mafupi zaidi, mwili mwepesi, na wafugaji wake hawajali sana tepu bali wanaangalia anavyofanya kazi. Urefu wao hupanda na kushuka. Springer nao vivyo hivyo. Springer wa kazi mdogo na Cocker wa kazi mkubwa ukiwasimamisha pamoja utapata shida.

Na wapo wanaowapandisha makusudi, Springer kwa Cocker. Uingereza chotara huyo wanamwita Sprocker. Urefu wake huangukia katikati, palepale kwa Kahawa. Kura yangu iko hapo.

#22 Kijana_wa_Mbale

Nimekaa kimya nasoma. Je, Field Spaniel? Nimeona kipimo chake: sentimita 46 begani. Kilo 18 hadi 25. Kahawa huyo hapo!

#23 Mwalimu_Kasese

Jicho zuri kijana. Ila rangi inamkataa. Field Spaniel hutakiwa awe wa rangi moja, mweusi au kahawia, au rangi iliyochanganyika unywele kwa unywele. Kahawia na nyeupe zilizotengana wazi kama za Kahawa hazikubaliki kwenye kanuni ya Uingereza. Pia Field ni adimu hata kwao. Kennel Club ina orodha ya mbwa wa asili walio hatarini, wale wanaoandikishwa chini ya vilebu 300 kwa mwaka, na Field yumo, pamoja na Sussex na Clumber. Atoke huko afike Ntinda kwa milioni moja na laki mbili?

#24 Kijana_wa_Mbale

Basi Welsh Springer. Dume sentimita 48, huyu kapungukiwa mbili tu.

#25 Daktari_wa_Mbarara

Welsh ni mwekundu na mweupe, hakuna rangi nyingine. Na masikio yake ni madogo, yamechongoka kama jani la mzabibu. Kahawa tumeambiwa ana masikio marefu ya mawimbi. Hapana.

#26 Busia_Mpakani

Mnamzungusha mbwa wa watu dunia nzima. Jamani, mbwa anaitwa Kahawa na nusu yake ni maziwa, hata jina lenyewe ni chotara 😄 Na mimi niseme lingine: hawa Cocker wa rangi moja, hasa wa dhahabu, wana kichaa chao. Wanauma bila sababu. Rafiki yangu aliumwa na wake mwenyewe.

#27 Dada_Akello (Gulu)

Hili siliachi lipite. Nilikuwa na Cocker wa dhahabu, Nyota. Akiwa na miaka minne akaanza kunguruma mtu akimgusa kichwa. Akamuuma mpwa wangu mkononi. Familia nzima ikasema mbwa amebadilika, atolewe. Mtu mmoja wa mtaani akaja na dawa ya sumu kabisa.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akamlaza kwa sindano, akaingiza koleo refu sikioni, akatoa mbegu ya nyasi. Ile ya mkuki, yenye mkia wa kujipinda, ambayo huku kwetu wakati wa kiangazi imejaa kila njia. Ilikuwa imetoboa ngozi ya tundu la sikio na usaha umejaa nyuma yake. Aliishi na maumivu hayo wiki kadhaa, na sisi tulikuwa tunampiga kelele kwa nini ana hasira.

Alipona. Aliishi miaka mingine saba, hakumuuma mtu tena. Kila ninapoona mtu anaandika "wanauma bila sababu" namkumbuka Nyota. Sikio la spanieli limefunikwa, ndani kuna joto na unyevu, mchafuko unaanza na wewe huoni. Inua sikio. Nusa. Likinuka kama mkate uliochacha, kuna jambo.

#28 Busia_Mpakani

Dada pole sana kwa Nyota. Nimekuelewa. Nitamuuliza rafiki yangu kama aliwahi kutazama masikio.

#29 Daktari_wa_Mbarara

Akello amesema ninayoyaona kazini. Lakini nisiwe mwongo, wapo wataalamu wanaosema katika baadhi ya koo za Cocker kuna hasira ya ghafla ya kurithi, na wapo wanaosema hiyo ni lebo tu ya maumivu, malezi mabaya na uzalishaji wa haraka. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi huanza na sikio, halafu meno, halafu mgongo. Mbwa akimuuma mtu, chanjo yake ya kichaa cha mbwa iangaliwe siku hiyohiyo, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali. Hilo halingoji mjadala.

Masikio yakilowa, kwa mvua au kwa ziwa, kausha kwa kitambaa. Spiriti usitie. Kupe nao hupenda chini ya sikio na kati ya vidole. Spanieli ana manyoya kote huko, mkono wako upite kila jioni.

#30 MwenyeKahawa (Ntinda)

Nimeinua masikio yote mawili. Safi, hayanuki. Asante dada, hilo sikulijua kabisa.

Afande, nimeficha mpira mara nne. Mara tatu kaupata kwa kwenda kona hadi kona. Mara ya nne akaenda jikoni kwa mama.

#31 Afande_Mstaafu

Springer.

#32 Fundi_Jinja

Hata Cocker wangu wa Kimarekani huenda jikoni. Sasa naye ni Springer? 😄

#33 Nyanda_za_Arua

Watoto wangu, nimesoma yote kwa simu ya mjukuu. Mimi babu yangu aliwinda kanga kwa mbwa wa kienyeji, wale wasiobweka sana, waliofungwa kengele ya mti shingoni ili ujue wako wapi ndani ya majani marefu. Siku hizi kuwinda ni mpaka kibali cha Wanyamapori, na ni sawa, kanga wamepungua.

Ninalotaka kusema: mmetazama rangi, mguu, sikio. Hakuna aliyemtazama mbwa kwenye majani. Sisi mbwa tulimjua hapo. MwenyeKahawa, mtoe mjini. Mpeleke penye kwale, usimfunge, usiseme neno. Kisha urudi utuambie alivyofanya.

#34 Mwalimu_Kasese

Mzee umefungua mlango muhimu. Spanieli kamili hufanya kazi karibu na mwindaji, mita ishirini, thelathini, akipita kulia na kushoto mbele yake. Akipata harufu hagandi. Anaingia na kumtimua ndege papo hapo. Wale wanaosimama na kuelekeza pua ni kabila lingine. Ndiyo maana Wamarekani mwaka 1982 walimvua Brittany jina la spanieli: anasimama na kuonyesha. Sasa anaitwa Brittany tu.

#35 Kijana_wa_Mbale

Mwalimu, na Brittany si ndiye anayeweza kuzaliwa na mkia mfupi? Soma tena namba moja!

#36 Dada_Akello (Gulu)

Eh! Kweli. Wapo Brittany wanaozaliwa na kipande tu. Rangi ya kahawia na nyeupe wanayo. Kilo 17 na nusu ni yao. Urefu, dume huanzia kama 48, huyu bado kidogo.

Lakini masikio? Brittany ana masikio mafupi ya pembetatu, yameota juu, manyoya haba. Hayo ya Kahawa ni ya nani?

#37 Daktari_wa_Mbarara

Tena neno la muuzaji kuhusu mkia halinishibishi. Wengi hukata vilebu vikiwa na siku tatu, nne. England na Wales walipiga marufuku mwaka 2007, isipokuwa kwa mbwa wa kazi, na spanieli wamo kwenye hao walioachiwa kwa kuwa mkia huchanika vichakani. Huku kwetu kila mmoja anakata anavyotaka. MwenyeKahawa, pitisha kidole kwenye ncha: kuna kovu gumu lisilo na nywele, au ncha inachongoka na nywele zimeota hadi mwisho?

#38 MwenyeKahawa (Ntinda)

Daktari, nywele zimeota hadi mwisho. Kwa ndani nahisi kama kauvimbe kagumu, ila sina hakika kama ni kovu au ni mfupa. Mama naye kagusa, anasema ni mfupa.

#39 Mjukuu_wa_Bombo

Kuna wanaopima ukoo wa mbwa kwa mate. Unapaka pamba shavuni, unatuma nje, wanakuletea asilimia.

#40 MwenyeKahawa (Ntinda)

Nimeuliza bei pamoja na usafirishaji. Nikilinganisha na chanjo zake na karo ya muhula, itasubiri.

#41 Busia_Mpakani

Hakuna aliyesema la wazi: mama Cocker, baba mbwa wa jirani aliyeruka ua. Miguu mirefu ya kienyeji, masikio ya mama.

#42 Mwalimu_Kasese

Linawezekana. Ila chotara wa kienyeji mara nyingi manyoya hufupika na sikio hujikunja nusu. Kahawa ana mawimbi hadi ncha. Silikatai, naliweka chini ya Sprocker.

#43 MwenyeKahawa (Ntinda)

Nimerudi. Jumamosi nilikwenda kijijini upande wa Luweero, kwa shemeji. Nyuma ya shamba lake la kahawa kuna nyika inayoshuka kwenye kinamasi. Tulikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua, nikamfungua, nikanyamaza kama Mzee alivyosema.

Sikumtambua. Hapa Ntinda ni mbwa wa zulia. Kule alishusha kichwa, akaanza kwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, hakunipita mbali, kila akigeuka ananitupia jicho. Kale kamkia kanatetemeka bila kupumzika. Hakuna aliyemfundisha. Nilisimama pale nimelowa umande hadi magotini, shemeji ananiambia "ssebo, huyu anajua kazi".

Halafu penye kichuguu akasimama. Kamkia kakatulia. Mguu mmoja wa mbele kaukunja, pua mbele. Kisha akajitupa majanini, na kwale wawili wakaruka wakipiga kelele. Hakuwafukuza. Alikaa chini akaniangalia.

#44 Afande_Mstaafu

Kulia, kushoto, karibu na wewe, akaketi ndege walipopaa. Springer, na mzazi wake alifundishwa.

#45 Kijana_wa_Mbale

Alisimama na kukunja mguu! Brittany!

#46 Dada_Akello (Gulu)

Hata Cocker husita kabla ya kuingia, hasa harufu ikiwa kali. Kusita si kuonyesha. Anayeonyesha husubiri umfikie.

#47 Nyanda_za_Arua

Mwanangu, umefanya vizuri kumpeleka. Sasa nijibu moja. Alisimama muda gani? Na wakati amesimama, wewe ulikuwa unatembea au umesimama?

#48 MwenyeKahawa (Ntinda)

Mzee, kama pumzi tatu. Mimi nilikuwa natembea. Nilipokanyaga kijiti kikavu ndipo aliporuka.

#49 Nyanda_za_Arua

Basi kesho kutwa rudi naye. Safari hii usitembee.